Wasemao Ni Mawe Tu

Yako maneno mafupi yaletayo hasara ndefu. Moja katika maneno hayo nimelisikia mara nne, kutoka katika vinywa vinne tofauti, juu ya mahali pamoja. Mwalimu mwenzangu alilisema akicheka. Mzazi mmoja alilisema kwa hasira. Mnunuzi wa kokoto alilisema akihesabu fedha. Kijana mgeni, hodari wa kupanda miamba, alilisema akiwa na brashi ya waya mkononi. Wote wanne walisema, "Ni mawe tu." Katika insha hii nataka kuwajibu wote, kwa kuwa naamini kwamba wote wamekosa, na kwamba kosa lao ni moja ingawa nia zao ni mbalimbali.

Mahali penyewe pako katika Milima ya Taita. Msomaji asiyeijua milima hii na aitazame katika ramani, magharibi ya mji wa Voi, mahali inapoinuka peke yake juu ya nyika kavu ya Tsavo. Kilele chake kikubwa, Vuria, kina kimo cha mita 2,208. Chini kuna joto, vumbi na mibuyu. Juu kuna ukungu, mashamba ya mboga na mabaki ya msitu wa kale. Kati ya pande hizo mbili, mteremkoni, njia ya mbuzi huingia katika bonde dogo, na humo bondeni yalikuwamo mawe makubwa thelathini na moja. Nayajua kwa hesabu kwa sababu niliyahesabu. Lililo dogo lilikuwa kama gunia la mahindi, na lililo kubwa halizidi paa la darasa. Kwa hati, bonde hilo ni ardhi ya shule moja nisiyopenda kuitaja. Kwa kumbukumbu, ni la ukoo uliokaa hapo kabla ya hati kuandikwa.

Niliingia bondeni humo mara ya kwanza pamoja na wanafunzi wanne, siku moja ya Jumamosi. Nia yetu ilikuwa kupeleleza kama mawe yale yangefaa kwa mchezo wa kupanda mawe madogo, mchezo usiotumia kamba, ambao mtu hupanda kwa mikono na miguu yake kimo asichoogopa kurukia chini. Upelelezi wa namna hiyo wafanana na kazi ya karani kuliko kazi ya shujaa. Saa mbili za kwanza hakuna aliyepanda kitu. Tulizunguka kila jiwe tukiuliza maswali yale yale. Ukipanda huku, utashukia wapi? Ukianguka, utaangukia majani au ncha ya jiwe jingine? Ukiligonga kwa ngumi, linalia kama kitu kizima au kama debe tupu? Nani anakaa ndani ya ufa? Katika ufa mmoja tulikuta nyuki, tukaliacha jiwe hilo na heshima yake. Katika jingine walikuwamo pimbi, waliotukemea kwa milio mpaka tulipoondoka. Tulichora ramani katika daftari, kila jiwe na namba yake, na kando ya namba tukaandika upande unaopata jua asubuhi na upande ulio na kivuli.

Kisha tukapanda. Mmoja wa wanafunzi wangu, msichana mnyamavu kuliko wote darasani, alichagua jiwe namba tisa. Lilikuwa bapa lililoinama kidogo, kimo chake mita tatu na ushei, laini kama ubao. Wenzake walilijaribu mara moja wakaliacha. Yeye aliteleza mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili hakupanda. Alipiga magoti akaweka shavu lake karibu na jiwe, akalitazama kwa ubavu. Ndipo alipoona ukingo mwembamba wa ulanga, upana wake kama ukucha, uking'aa kwa jua la mshazari. Aliweka kidole cha mguu juu ya ukingo ule, akasimama, akafika juu. Hakupiga kelele. Alikaa akatazama nyika hadi tulipomwita kula. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga. Siku ile nilimwona aliyeinama na kukipata.

Sasa nawageukia wale wanne.

Mwalimu mwenzangu aliniuliza kwa nini nawapotezea vijana siku ya mapumziko kwa mawe ambayo hata mbuzi huyapanda. Kama ni kupanda, alisema, wapeleke Mlima Kenya. Yale ni mawe tu. Mimi sina ugomvi na Mlima Kenya. Batian ina kimo cha mita 5,199, na kila Mkenya ana haki ya kujivuna kwamba Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu mlimani humo katika Desemba ya mwaka 1963. Walakini, mwenzangu hupima thamani kwa kimo, nami nasema kipimo hicho ni kibovu. Mlima Kenya ni mlima wa volkano, na umri wake hukadiriwa kwa mamilioni machache ya miaka. Mawe ya Taita ni naisi, mwamba uliopikwa na kukunjwa ndani ya ardhi kwa joto na uzito, na umri wake hupita miaka milioni mia tano. Jiwe namba tisa, lililokuwa fupi kuliko mlango wa ghala, lilikuwa babu. Mlima ule mkubwa ni mjukuu. Je, ni adabu gani hii ya kumdharau babu kwa sababu ya ufupi wake?

Fauka ya hayo, ni wanafunzi wangapi wa Kenya watakaofika Mlima Kenya? Safari ile yataka fedha, mavazi ya baridi, viongozi na siku nyingi. Jiwe lililo nyuma ya shule halitaki nauli. Mwalimu asemaye kwamba upelelezi wa haki uko mbali tu huwafundisha vijana, bila kukusudia, kwamba kwao hakuna kitu cha kuonwa. Kijana aliyefundishwa hivyo hukua akiwa mgeni katika nchi yake. Hujua majina ya vilele vya Ulaya, wala hajui jiwe linalotia kivuli kisima cha nyumbani kwao.

Mzazi alikuja na mashitaka mawili: kwamba mchezo huu ni wa hatari, na kwamba ni wa kigeni. Shitaka la kwanza nalikubali nusu. Mtu aweza kuvunjika kifundo cha mguu kwa kuanguka mita mbili, na anayesema sivyo ni mwongo. Lakini dawa ya hatari si kufumba macho. Watoto wa milimani watapanda mawe, tukitaka tusitake. Hakuna kamati iliyopata kuwazuia. Basi ni heri wapande wakijua kanuni: usipande jiwe lililolowa, jua njia ya kushuka kabla ya kupanda, usipande peke yako, wenzako wasimame nyuma yako mikono ikiwa tayari kukuelekeza uangukie miguu, si kichwa, na ukiona shaka, shuka, kwa maana jiwe halihami. Kijana aliyezoea kusema "hapa naweza, hapa siwezi" amejifunza jambo litakalomfaa barabarani, baharini na mbele ya marafiki wabaya.

Shitaka la pili silikubali hata chembe. Ni kweli kwamba mchezo huu umepata sifa yake nchi za nje. Katika msitu wa Fontainebleau, karibu na Paris, Wafaransa walipanda mawe madogo kwa miaka mingi ili kujizoeza kwa ajili ya milima ya Alps. Katika Marekani, John Gill, mwalimu wa hesabu, alianza katika miaka ya 1950 kuyapanda mawe madogo kwa ajili ya mawe yenyewe, akitumia mazoezi ya viungo na unga mweupe wa kukausha jasho la mikono. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, iliupokea upandaji wa namna hii pamoja na namna nyingine mbili. Haya yote ni kweli. Lakini mchunga mbuzi wa Taita, aliyepanda jiwe ili aone kundi lake limekwenda wapi, alijifunza kwa nani? Walichotuletea wageni ni viatu na jina. Tendo ni la kila mtoto aliyezaliwa penye mawe. Kumnyima mtoto mchezo wa babu zake kwa sababu Mzungu naye ameupenda ni uwivu usio na faida.

Namjia mnunuzi wa kokoto, na hapa sina mzaha. Shule ile ilihitaji madarasa mawili, naye alitoa bei nzuri ya mawe yote ya bondeni. Katika mkutano wa wazazi nilisimama kumpinga, nikaulizwa swali zito: "Mwalimu, watoto wasome chini ya mti ili wewe upate mahali pa kuchezea?" Swali hilo ni la haki, na asiyelijibu hana haki ya kusema. Sisemi kwamba jiwe lisivunjwe kamwe. Nyumba niliyolala jana imejengwa kwa mawe yaliyovunjwa, na mama aketiye kando ya barabara akiponda kokoto ili alipe karo anastahili heshima yangu yote. Nisemalo ni hili: machimbo ya mawe yako mengi katika nchi hii, lakini bonde lile ni moja. Tena mawe yale hayakukaa mteremkoni bure. Mvua za milima hii ni kali, na jiwe lililozama nusu katika udongo huzuia udongo huo usiteremke. Ukiling'oa, umemwachia shimo jirani aliye chini. Fedha yake hulipwa mara moja. Hasara yake hulipwa kila masika.

Jambo kubwa zaidi nililijua siku ile ya kwanza, nalo lilinitia haya. Tulipokuwa tukila, mzee mmoja wa shamba la jirani alikuja akitembea polepole kwa fimbo yake. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi. Baada ya kimya aliniuliza, "Mwalimu, mmemwomba nani?" Nikamwambia kwamba nimemwomba mwalimu mkuu na wazazi wa watoto hawa. Alitabasamu. "Umewaomba wenye watoto," alisema, "hujawaomba wenye mawe." Kisha akatuonyesha mawe mawili makubwa yaliyoegemeana chini ya mti wa mkuyu, akatuomba tusiyakaribie.

Wanafunzi wangu, Wataita wa leo, hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Lakini msomaji wa mbali na aelezwe. Zamani, kabla ya desturi kubadilika, Wataita hawakuwaacha wazee wao kaburini daima. Baada ya muda fuvu la mzee lilifukuliwa likawekwa katika pango au chini ya mwamba wa ukoo, pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Hapo ndipo wazao walipokwenda kuwaomba nyakati za dhiki. Baadhi ya mahali hapo pako hata leo milimani humo. Basi mtu akiangalia mawe mawili yaliyoegemeana huona kokoto, na mwingine huona babu wa babu yake. Mzee alitutajia jina la mahali pale. Siliandiki hapa kwa kuwa aliniomba nisiliandike. Juu ya mawe mengine alisema, "Hayo pandeni. Hata mimi nimeyapanda."

Tangu siku hiyo naona kwamba neno "kugundua" latumiwa ovyo. Sisi tulikwenda kupeleleza bonde, na bonde lilikuwa na mwenyewe, jina na masharti. Upelelezi wetu wa kweli ulianza pale tulipoulizwa swali tusilokuwa na jibu lake. Yote tuliyoandika katika daftari kabla ya hapo yalikuwa vipimo tu.

Nimesema kwamba mtu wa nne alikuwa mpanda miamba. Huyu anaupenda mchezo nami naupenda, naye alipanda jiwe namba ishirini kwa uzuri ambao sitausahau. Lakini kabla ya kupanda alitoa brashi ya waya akalisugua jiwe kutoka juu hadi chini. Kuvumwani ilianguka, na kangaga ndogo zilizokuwa zimeshika mizizi ufani zilianguka nayo. Nilipomzuia alistaajabu. "Mwalimu," alisema, "ni mawe tu." Alikuwa anasema kama mnunuzi wa kokoto, na wala hakujua. Mmoja hulivunja jiwe kwa nyundo, mwingine hulichuna ngozi. Tofauti yao ni ya kadiri.

Na ajue kijana huyo alilo nalo chini ya brashi. Milima ya Taita ni mwisho wa kaskazini wa safu ya milima ya kale iendeleayo hadi kusini ya Tanzania, na misitu yake ina viumbe wasiopatikana mahali pengine popote. Yako maua madogo ya rangi ya urujuani ambayo watu wa Ulaya na Marekani huyapanda katika vyungu madirishani mwao. Mbegu zake zilipelekwa Ulaya kutoka nchi ya Usambara mwaka 1892 na ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul, na ua likaitwa kwa jina lake. Ndugu mmoja wa ua hilo hukaa Taita peke yake, katika msitu wa Mbololo, nako humea juu ya mawe yenye kivuli, ndani ya kuvumwani. Sisemi kwamba lilikuwa juu ya jiwe namba ishirini, halikuwako. Nasema kwamba mwenye brashi hakutazama. Asiyetazama angesugua lolote.

Wapandao mawe nchi za nje wamekwisha kulipa karo ya somo hili. Huko Hueco Tanks, katika jimbo la Texas, mawe yenye picha za watu wa kale yalipendwa na wapandaji hata yakaanza kuharibika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watunzaji wa mahali pale waliweka mipaka, na tangu hapo sehemu kubwa haingiliwi bila kiongozi. Sisi tusingoje kufungiwa mlango ndipo tujifunze kubisha hodi. Kenya ina sheria ya makavazi na urithi ya mwaka 2006 inayolinda vitu vya kale. Lakini sheria iko Nairobi, na brashi iko mkononi.

Alhasili, watu wale wanne walitamka neno moja kwa sababu walikuwa na macho ya namna moja. Wa kwanza alitafuta kimo, wa pili hatari, wa tatu fedha, wa nne sifa. Kila mmoja alipolikosa au kulipata alilolitafuta, alidhani amemaliza kuona. Tu ni neno la mtu aliyechoka kutazama kabla ya kuanza.

Msomaji kijana, huenda wewe hukai Taita. Lakini Kenya ina mawe kila upande: Lukenya, Maragoli, vilima vya Ukambani na Samburu. Chini ya vibao vya mwamba vya Lukenya wataalamu walichimba wakapata vifaa vya mawe vya watu walioishi hapo maelfu ya miaka iliyopita, na vingine vimetengenezwa kwa jiwe jeusi la kioo lililotoka Bonde la Ufa. Mawe madogo yaliyawekea kumbukumbu maisha ambayo vilele vikubwa havikupata kuyaona. Basi nenda ukatazame mawe ya kwenu. Piga hodi kwanza. Uliza jina la mahali kabla ya kupatungia jina. Zunguka kabla ya kupanda. Usiandike jina lako kwa rangi, kwa maana jiwe halikukuomba ulitambulishe. Ukishuka, acha mahali kama ulivyopakuta, ili mwingine naye apate kupatazama.

Ama bonde lile, habari yake haijaisha. Kabla shauri halijakatwa, mnunuzi aliruhusiwa kuchukua mawe matano ya mfano, ili wazazi waone ubora wa kokoto yake. Alichagua yaliyo karibu na njia. Namba tisa lilikuwa mojawapo. Leo yamesalia mawe ishirini na sita, na mkutano wa wazazi utakaa tena mwezi ujao. Mnunuzi atakuwako na bei yake. Mzee wa shamba la jirani ameahidi kuja na fimbo yake. Yule msichana mnyamavu ameomba ruhusa ya kusema, nami nimeyatoa maneno yangu katika orodha ya wasemaji ili apate nafasi. Atakuja na daftari la ramani, penye namba tisa na alama aliyoichora mwenyewe: mstari mwembamba, upana wake kama ukucha.